Safu Zilizokataa Kukaribiana

Katika kiwanda kile cha uchapaji kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kupanga nota za muziki, naye alikuwa Bi Kifutio. Jina lenyewe si la kuzaliwa. Alilipata chuoni, enzi nota zilipokuwa zikinakiliwa kwa kalamu ya wino, kwa sababu hakwenda popote bila kifutio, na kosa la mwenzake alikuwa akiliona kabla wino haujakauka. Kompyuta zilipoingia, kifutio kilitupwa kwenye droo, jina likabaki.

Chumba chake kilikuwa ghorofani, juu kabisa ya mashine za kuchapia. Mashine kubwa ikianza kazi, sakafu ilitetemeka na kikombe chake cha chai kilitembea mezani chenyewe kama kimetumwa dukani. Alikuwa na kompyuta, kinanda kidogo chenye funguo mbili bubu, feni iliyozungusha joto badala ya kulifukuza, na dirisha lililotazama uchochoro wa mafundi viatu. Mtu akimwita mchapaji alimsahihisha hapo hapo: wachapaji wako chini, yeye anapanga. Aliijua kazi yake, na alijua kwamba anaijua. Unyenyekevu aliwaachia wengine.

Mwaka huo chama cha kwaya kilileta kazi ambayo aliitamani siku nyingi bila kusema: nyimbo za Bibi Mkunga.

Bibi Mkunga alikuwa mkunga mstaafu. Maisha yake yote kazini aliwaimbia wanawake waliokuwa na uchungu wa kujifungua, na nyimbo hizo alizitunga mwenyewe, nyingine palepale kitandani pa mzazi. Kwaya zilizichukua, zikapokezana kwa midomo, kila moja ikazipinda ilivyotaka, na hakuna karatasi hata moja iliyowahi kuchapwa jina la mwenyewe. Bi Kifutio mwenyewe alijifungua binti yake wa kwanza mikononi mwa bibi huyo, kwa hiyo mkutano wa kwanza kuhusu kitabu haukuwa mkutano, ilikuwa mtu na mkunga wake kuulizana habari za mtoto ambaye sasa alikuwa na mguu mkubwa kuliko wa baba yake.

Walipatana namna ya kufanya kazi. Baadhi ya nyimbo zilikuwa kwenye karatasi zilizogeuka rangi, zimeandikwa sol-fa, ile ya do-re-mi, kwa mkono wa bibi, na Bi Kifutio aliziingiza mwenyewe kwenye kompyuta, sauti na maneno. Zile ambazo hazikuwahi kutiwa karatasini bibi hakuwa na subira ya kuziandika. Maneno aliyaandika kwenye simu kwa kidole kimoja, akayatuma kama ujumbe. Sauti alikuja kuziimba pale chumbani, ameketi kwenye kiti cha wageni na mkoba wake mapajani, na Bi Kifutio akazitafuta kwenye kinanda, akiziruka zile funguo bubu.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka katikati ya kitabu. Halafu safu za nota zikaanza kuachana.

Wimbo wa sauti nne hupangwa kwa safu nne zinazofuatana: soprano juu, chini yake alto, kisha tena, sauti nyembamba ya wanaume, kisha besi, na maneno yamelala chini ya kila safu. Safu hizo zinapaswa kukaa karibu karibu, kama watu wa nyumba moja wanaokula sahani moja, ili jicho la mwimbaji lizione zote kwa mara moja. Sasa kwenye kurasa fulani soprano ilikimbilia juu, alto ikaporomoka katikati ya ukurasa, na kati yao pakabaki uwazi wa kulaza kiganja. Besi ikasukumwa hadi ukurasa unaofuata, ikakaa peke yake huko kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Mstari uliofuata wa wimbo huo huo ulikuwa sawa kabisa. Kisha baada ya mistari kadhaa, vurugu tena.

Bi Kifutio alifungua mahali pa kupanga nafasi, akapunguza. Safu zilizokuwa nzuri zikagandamana hadi maneno yakapanda juu ya nota, na zile zilizoachana hazikusogea hata kidogo. Akazivuta kwa kipanya moja moja hadi zikakaa, akahifadhi faili. Alipoifungua siku ya pili zilikuwa zimeachana tena kana kwamba hakuwahi kuzigusa. Akafuta kipande kizima akakiandika upya. Akahamishia faili kwenye kompyuta ya mapokezi. Ikawa vilevile, akairudisha kwake.

Meneja akapanda kuona. Alikuwa mtu wa mashati yaliyopigwa pasi mpaka ukingoni, na maneno aliyoyapenda kuliko yote ni "tarehe ya mwisho." Alitazama skrini, akatazama saa yake, akamwambia huenda kuna kitu alibonyeza. Bi Kifutio akamjibu kwamba amebonyeza vile alivyobonyeza miaka yote.

"Basi safari hii umebonyeza vibaya," meneja akasema, akashuka ngazi.

Sentensi hiyo Bi Kifutio alirudi nayo nyumbani. Alimhadithia mumewe wakati wa kula, akamhadithia wifi yake aliyekuwa akiishi nao na kuimba alto kwenye kwaya iliyopangiwa kukizindua kitabu, na alipomaliza akaanza tena mwanzo. Wifi yake akamwambia mboga inapoa. Akasema ipoe.

Siku iliyofuata aliwaandikia watengenezaji wa programu. Aliwapigia picha za kurasa, akaeleza kila alichojaribu, kwa ufasaha na bila matusi. Jibu lilikuja upesi, nalo lilikuwa na adabu, ile adabu ya mtu anayekufungia mlango taratibu ili usipige kelele. Programu, waliandika, inafanya kazi kama ilivyokusudiwa. Yaelekea mtumiaji ameingiza herufi zisizo za kawaida kwenye maneno ya wimbo. Asafishe maneno yake. Suala limefungwa.

Alisoma barua hiyo mara kadhaa akitafuta mahali walipotaja herufi gani. Hapakuwepo. Akawauliza. Safari hii alijibiwa na mashine: suala limefungwa, na kama ameridhika na huduma awape nyota. Aliwapa nyota moja, na iliyomuuma ni kwamba hapakuwa na namna ya kutoa nusu.

Hasira zake zilikuwa za aina inayofanya kazi. Alifunga mlango, akakaa, akakumbuka jambo linalojulikana na kila aliyewahi kufundisha kwaya: sauti ikichafuka, huwakemei watu wote. Unanyamazisha nusu, unasikiliza. Ikiwa bado imechafuka, mkosaji yumo katika nusu inayoimba. Unaigawa hiyo tena, mpaka unabaki na mtu mmoja anayetazama viatu vyake.

Akatengeneza nakala ya wimbo mmoja mgonjwa. Akaondoa safu za tena na besi. Soprano na alto zikabaki mbalimbali. Akazirudisha, akaondoa soprano na alto. Tena na besi nazo zikaonekana zimeachana. Basi ugonjwa haukuwa wa sauti moja. Akafuta maneno yote, akaacha nota tupu, na papo hapo safu zote nne zikasogeleana. Hapo alipiga meza kwa kiganja, na fundi viatu mmoja chini dirishani akainua macho.

Ni maneno. Akarudisha nusu ya maneno ya mstari: salama. Akarudisha nusu nyingine: zikaachana. Aliendelea kugawa hivyo hadi akabaki na neno moja, la kwanza kabisa katika wimbo:

*Ng'oa hofu, mama, kunakucha,*
*nyota imeng'ara dirishani.*

Neno lilikuwa "ng'oa." Mstari uliofuata, wenye "imeng'ara," nao ulikuwa umeachana. Akajua ni kile kialama kidogo kinachokaa juu baada ya "ng", ritifaa, kile ambacho mtoto wa darasa la kwanza anakifundishwa siku anayojifunza kuandika ng'ombe.

Lakini jambo bado lilikuwa na mkia. Mwanzoni mwa kitabu kulikuwa na wimbo wenye neno "ng'ambo," ritifaa juu yake, na safu zake zilikuwa zimetulia kabisa. Kialama kimoja, huku kinavunja nyumba, kule kimekaa kama mgeni mstaarabu. Alikuza maneno yote mawili kwenye skrini mpaka herufi moja ikawa kubwa kama sahani, ndipo akaona. Ritifaa ya "ng'ambo" ilisimama wima kama msumari. Ya "ng'oa" ilikuwa imepinda, ina kichwa na mkia, kama kiluwiluwi.

Ile iliyonyooka aliiandika yeye mwenyewe kutoka kwenye karatasi za zamani. Iliyopinda ilitoka kwenye simu ya Bibi Mkunga, maana simu ile kila mtu akiandika alama iliyonyooka huibadilisha yenyewe bila kuuliza. Na fonti waliyoichagua kwa ajili ya kitabu haikuwa na alama iliyopinda. Programu ilipoikosa, iliazima kutoka fonti nyingine iliyokuwemo kwenye kompyuta, fonti ya herufi ndefu mno kwenda juu na kushuka chini. Kialama kilichoonekana kwenye ukurasa kilikuwa kidogo kuliko chawa, lakini programu ilikitengea nafasi ya ukoo wake mzima, juu na chini, na safu zikasukumwa.

Wengine wangefurahi kupata jibu. Yeye alifurahi kidogo, kisha damu ikamchemka upya. Programu ilijua kwamba imeazima, na ikanyamaza. Walioitengeneza walijua kwamba inaweza kuazima, wakamwambia asafishe maneno yake, kana kwamba lugha yake ilikuwa na tope.

Dawa yenyewe ilikuwa rahisi: mahali pa kila ritifaa iliyopinda iwekwe iliyonyooka. Lakini hakuweza kuianza siku ile. Mama mkwe wake alikuwa anafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na yeye ndiye aliyeahidi kumpeleka na kumhudumia mpaka bandeji itoke. Alipokuwa akishuka ngazi alikutana na meneja, akamwambia kwamba shida imepatikana, ni ritifaa za ng' zilizotoka kwenye simu, akirudi atazirekebisha. Meneja akaitikia kwa kichwa.

Hakungoja arudi. Kesho yake alipanda, akaketi kwenye kile kiti, akaiamuru kompyuta itafute kila ritifaa katika kitabu kizima, zilizonyooka na zilizopinda, na mahali pake isiweke kitu. Safu zote zikakaribiana. Kurasa zikapendeza. Meneja akahifadhi faili juu ya ile ya zamani, akachapisha nakala za kujaribia, akazituma kwenye kwaya iliyokuwa ikijiandaa kwa uzinduzi, na inasemekana pale chini kwenye mashine alitamba kwamba kazi iliyomshinda mtu wiki nzima yeye ameimaliza kabla chai haijapoa.

Bi Kifutio alikuwa nyumbani, anamtia mama mkwe wake dawa ya macho, wifi aliporudi kutoka mazoezini. Kwa kawaida wifi huyu huingia na kelele, anamtania kila mtu kuanzia mlangoni. Siku hiyo aliingia kimya, akaketi, akavua viatu.

"Wifi," akasema, "nimekuja kukuuliza kabla watu hawajakuuliza. Ni wewe uliyeandika 'ngoa'?"

Bi Kifutio hakuelewa. Wifi akamwelezea yote.

Mwalimu wa kwaya aliyeajiriwa kwa ajili ya uzinduzi alikuwa mgeni, mwanamuziki hodari ambaye Kiswahili alijifunza ukubwani. Kwaya ilipoanza ule wimbo, waliimba "ng'oa" kama walivyouimba tangu utotoni. Mwalimu akawasimamisha. Akawaambia wasome kilichoandikwa, na kilichoandikwa ni "ngoa." Watu wakajaribu kumwambia, naye akainua nakala yake akasema kwamba kwa miaka mingi nyimbo hizi zimepindwa na kila mtu, na sasa kwa kuwa mwenyewe ameziandika, wataziimba kama mwenyewe alivyotaka. Alisema kwa nia njema kabisa. Basi wakaimba "ngoa," ile ngoa ya wivu, ya mtu anayelia ngoa. Wakaimba kwamba nyota "imengara," neno lisilokuwepo. Mmoja wa besi akacheka, akakemewa.

Na Bibi Mkunga alikuwa ameketi benchi la nyuma. Hakuna aliyemwona akiingia. Aliomba nakala, akavaa miwani, akasoma ukurasa wote kwa kidole. Akauliza nani aliyeyaandika haya. Mwalimu, kwa heshima zote, akamfungulia jalada la ndani: maneno na muziki ni wa Bibi Mkunga, mpangaji wa nota ni Bi Kifutio. Bibi akakunja nakala, akaitia mkobani, akatoka bila kuaga.

Bi Kifutio alikifunga kichupa cha dawa, akakosea kifuniko, akakifunga tena. Alimwita mumewe aje akae na mama yake. Hakubadilisha hata kanga.

Kwa Bibi Mkunga hapakuwa mbali, nyumba ya mwisho kwenye barabara ya nyuma ya zahanati, yenye ukumbi wenye viti viwili. Bibi alikuwa ameketi kimoja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," bibi akajibu, na baada ya hapo hakusema karibu.

Bi Kifutio akabaki amesimama. Akaeleza tangu safu zilipoanza kuachana mpaka alipoondoka kazini, na kwamba faili aliyoiacha haikuwa ile iliyochapwa. Hakulia wala hakupiga magoti. Alisema kama mtu anayetoa ushahidi, na sauti yake ilikuwa ikikatika kwa hasira, si kwa kitu kingine. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasogeza kile kiti cha pili kwa mguu wake.

"Wimbo ule nilimtungia mwanamke aliyekuwa amezika watoto wawili," akasema. "Wa tatu alikuwa anakuja na yeye hataki kusukuma. Anaogopa atazaa maiti tena. Nikamwambia, hiyo hofu ina mizizi, mwanangu, ing'oe, mimi nakushikia. Ndiyo nikaanza kuimba. Sasa leo nimeketi pale nasikia watu wazima wananiimbia ngoa. Nani alimwonea nani wivu mle chumbani?"

Kisha bibi akasema kesho wataenda wote kiwandani, na yeye atavaa viatu vya kufunga, maana ngazi zile anazijua.

Meneja aliwapokea vizuri, akaagiza chai. Alipojua walichokijia, akacheka kidogo, akasema alidhani ni jambo kubwa. Akaeleza kwamba kialama chenyewe ni kidogo mno, hata hakisikiki, na wasomaji wanajua wenyewe.

"Hakisikiki kwako," Bibi Mkunga akasema.

Bi Kifutio akamwambia kwamba mwalimu wa kwaya hakujua, wala hana kosa, alisoma walichomwandikia. Na watoto watakaofundishwa kwa kitabu hicho watasoma hivyo hivyo. Meneja akarudi kwenye tarehe ya mwisho. Karatasi zimeshakatwa, mashine imepangiwa kazi, wakubali toleo hili liende, na toleo la pili watarekebisha. Alilisema hilo toleo la pili kwa upole, kama mtu anayemwahidi mtoto safari.

Hapo Bi Kifutio akasimama. Wafanyakazi wa chini walisema baadaye kwamba walimsikia juu ya kelele za mashine, lakini Bibi Mkunga, aliyekuwepo, alisema hakupandisha sauti hata kidogo.

"Safu zilipoachana uliona ni aibu ya kiwanda," akasema. "Maneno yalipoharibika hukuona chochote. Basi likienda hivi, toa jina langu, utoe na la bibi, uandike lako. Hayo maneno ni yako wewe."

Meneja akasema asimvunjie heshima mbele ya mgeni. Bibi Mkunga akaweka kikombe chake chini.

"Mgeni ni nani hapa?" akauliza. "Mimi nilikuruhusu uchape maneno yangu. Haya si yangu. Kwa hiyo huna ruhusa."

Alisema hivyo tu, akaendelea kunywa chai. Meneja alitazama karatasi mezani, akatazama saa yake, akasema haya, warekebishe, ila wasimcheleweshe. Samahani haikutoka, siku ile wala siku nyingine.

Marekebisho yalikuwa ya kuchosha kuliko ugonjwa. Faili ya zamani ilikuwa imeandikiwa juu, ikapotea, na kompyuta haiwezi kutafuta kitu ambacho hakipo. Ilibidi kitabu kizima kipitiwe upya, wimbo kwa wimbo. Wifi aliomba ruhusa kazini kwake akaja kusaidia. Bibi aliimba kutoka kwenye kiti cha wageni, wifi akafuata kwa penseli kwenye karatasi, na kila palipotokea ng' akagonga meza, Bi Kifutio akaitia ritifaa, iliyonyooka, kwa mkono wake. Mara nyingine walibishana. Bibi aliimba ubeti mmoja kwa namna mbili tofauti, akasema zote ni sahihi, wifi akamwuliza wachape ipi, bibi akasema ile aliyoimba akiwa na meno. Wakacheka hadi wakapumzika. Na katikati ya wimbo mwingine bibi akaendelea kuimba pale ukurasa ulipoishia, ubeti mzima ambao hakuwahi kuutuma; alikuwa ameusahau tangu siku alipostaafu. Bi Kifutio akaupangia safu zake papo hapo. Zikakaa karibu karibu, mpaka mwisho wa kitabu.

Kitabu kikatoka. Kwenye uzinduzi meneja alipanda jukwaani akazungumzia changamoto za teknolojia na jinsi kiwanda kilivyozikabili. Bi Kifutio, safu ya tatu, aliendelea kutazama mbele, na wifi yake akamshika mkono kwa nguvu, kwa upendo na kwa tahadhari. Aliyeomba radhi ni yule mwalimu wa kwaya. Alimfuata Bibi Mkunga mbele ya waimbaji wote, akamwomba amfundishe kuitamka ng' vizuri, akairudia na kuirudia huku watu wakitazama, bila kuona haya. Bibi alimkubali mara ya tano hivi, kisha akamwambia pia kwamba wimbo anauendesha haraka mno, mwanamke mwenye uchungu hawezi kupumua kwa mwendo huo.

Kwa watengenezaji wa programu mambo yalichukua muda zaidi. Bi Kifutio aliwatumia mfano mfupi wenye neno moja tu, akawaonyesha fonti inayoazimwa na nafasi inayotengwa. Hapakuwa na namna ya kukataa, nao hawakukataa. Walijibu kwamba lugha hiyo haimo katika lugha wanazozihudumia, na kwa sasa wanamshauri aikwepe alama hiyo. Aliandika jibu la kwanza kwa Kiswahili, kurasa mbili, kwa ajili ya roho yake tu, hakulituma. La pili alilituma, nalo halikujibiwa. Baada ya miezi kadhaa programu ikaleta toleo jipya, na kwenye maelezo yake, chini kabisa, palikuwa na mstari mmoja: limerekebishwa tatizo la nadra linalohusu alama za mapambo.

Alimsomea mumewe mstari huo kwa sauti. Mumewe akasema angalau wamerekebisha. Akamjibu kwamba mtu akikuchukulia kuku wako akaja kukurushia juu ya ukuta bila hodi, huwezi kusema amekurudishia. Nadra kwa nani? Mumewe, aliyekuwa amemzoea, akasema kweli, nadra kwa nani, akampisha.

Kabla ya hapo, siku moja akiwa bado na hasira, alikuwa ameandika maelezo ya ule ugonjwa na dawa yake, akayaweka mtandaoni, pamoja na namba yake, mahali wapangaji wa nota wa nchi mbalimbali hupeana habari. Hakutarajia kitu. Alasiri moja simu ikalia, namba ngeni. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpangaji wa nota kwao, lugha yake nyingine kabisa, lakini nayo inaandikwa na alama kama hiyo katikati ya maneno. Walielewana kwa Kiswahili alichojifunza kazini. Akasema amepigana na safu zinazoachana kwa miaka. Ameshatukanwa na wenye kwaya, amewahi kunyimwa kazi, na mwishowe akajizoesha kuwaomba watunzi wabadilishe maneno yao, watafute mengine yasiyo na alama. Wengi walibadilisha. Wengine wamekwisha kufa na nyimbo zao zimebaki na maneno ambayo hawakuyachagua.

"Nilifikiri ni mikono yangu," akasema.

Bi Kifutio aliisikia hasira ikimpanda upya, tangu unyayoni, na safari hii haikuwa yake peke yake. Alimwuliza kama yuko mbele ya kompyuta. Yuko. Akamwambia afungue faili ya zamani kuliko zote alizonazo, wimbo ambao bado anakumbuka maneno yake ya kwanza. Mtu yule alichukua muda kuitafuta, huku akimwelezea mtunzi alikuwa nani, mwalimu wake wa utotoni, mpiga kinanda aliyekuwa na mkono mmoja mzito. Mashine ikaanza kazi chini, sakafu ikatetemeka. Akamwongoza neno kwa neno: arudishe lile lililoondolewa, aikuze alama, atazame kama imepinda, aifute, aweke iliyonyooka.

Upande wa pili vitufe vikasikika vikibonyezwa. Kisha akamsikia akimwita mkewe aje aone.